Usiku wa Mtoto na Wanaokesha Naye

Hapa Kolwezi, mama akitoka nje na kichanga mgongoni, hata hajafika kwa muuza makala ameshaulizwa: "Mutoto analalaka usiku?" Jirani anauliza, dereva wa pikipiki anauliza, pasta anauliza mlangoni mwa kanisa. Akijibu kwamba analala, anasifiwa yeye na mtoto wake. Akisema anaamka, anatazamwa kwa huruma na kupewa ushauri ambao hakuuomba: mpe uji, mpe maji ya sukari, mpeleke akaombewe, mfunge kamba kiunoni. Kule nilikozaliwa, Musumba ya Kapanga, mji wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, sikumbuki kulisikia swali hilo. Nkambo, mama yake mama yangu, akienda kumwona mzazi aliuliza kama mtoto ananyonya, kama anakojoa, kama kitovu kimekauka. Habari ya usingizi hakuigusa. Kila mtu alijua kwamba kichanga huamka usiku, kama alivyojua kwamba hana meno.

Kazi yangu kwa miaka mingi sasa ni kupima watoto. Siku ya mizani akina mama hupanga foleni tangu asubuhi na mapema, kila mmoja na karatasi yake mkononi, na mimi huangalia uzito, chanjo, macho, ngozi. Huniuliza kuhusu homa, kuhusu kuhara, kuhusu upele. Lakini swali la usiku huulizwa mwisho, kwa sauti ya chini, mama akiwa ameinamia meza yangu ili wa nyuma yake asisikie. Sauti hiyo ya chini ndiyo inayonifanya niandike. Mtoto mchanga anaamka usiku kwa sababu mwili wake umeundwa aamke, na kwa sehemu kubwa anayeamka ndiye mzima. Sioni kasoro katika usingizi wa watoto wetu wa miji ya shaba. Kasoro ninayoiona ni kwamba tumemwachia mama peke yake kazi ambayo kwetu ilikuwa ya watu wengi.

Nilipokuwa msichana nililala chumba kimoja na mama mdogo wangu baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza. Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo na paa la majani. Kitanda chake kilikuwa cha miti, juu yake mkeka mgumu na blanketi moja, na mtoto alilala ubavuni mwake. Nilikuwa na usingizi mwepesi, nikajifunza kumsikia yule mtoto kabla hajalia. Kwanza alikuwa akipeleka kichwa huku na huku, na nywele zake unazisikia zikikwaruza mkeka. Halafu anasugua mdomo kwenye ngumi yake. Halafu anaguna, mara mbili, tatu. Hapo mama mdogo, macho bado yamefumba, anavuta kikwembe pembeni, anamgeuza mtoto, na kinachosikika tena ni kumeza. Taa haikuwashwa. Hakuna aliyesimama kuzunguka naye chumbani. Asubuhi ungemuuliza ameamka mara ngapi asingejua akujibu nini.

Yaliyofuata alfajiri niliyaelewa baadaye sana, nilipokuwa na mtoto wangu. Kabla jua halijatoka, Nkambo aliingia bila kungoja kukaribishwa, akamchukua mtoto akiwa bado na joto la kitanda, akamfunga mgongoni na kutoka naye kwenda motoni. Mama mdogo akajigeuza ukutani, akalala usingizi mzito mpaka jua likapanda. Muhogo ulitwangwa na wengine. Maji tuliyachota sisi wasichana kijito cha karibu. Alipoamka alikuta maji ya moto ya kuoga, bukari na sombe, na mtoto aliyeanza kutafuta ziwa. Usingizi aliopoteza usiku, watu wa nyumbani walimrudishia asubuhi, na jambo hilo lilifanyika kila siku bila mtu kulizungumzia.

Shuleni, katika mafunzo ya uuguzi, nilifundishwa kinachotokea ndani ya mwili wa yule mtoto, nikaona kwamba kinalingana na nilichokiona kwetu. Tumboni, mtoto hutumia saa ya mama yake. Giza likiingia, ubongo wa mama hutoa homoni iitwayo melatonini, nayo hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto na kumwambia kwamba nje ni usiku. Kitovu kikikatwa, habari hiyo inakatika. Ubongo wake mwenyewe huhitaji wiki nyingi kuanza kutenganisha mchana na usiku. Kwa watoto wengi mpangilio huo huonekana kati ya mwezi wa pili na wa tatu. Kabla ya hapo analala sana, saa 14 hadi 17 katika mchana na usiku, lakini kwa vipande. Tena maziwa ya mama ya usiku yana melatonini, na ya mchana karibu hayana kabisa, kwa hiyo anayenyonya gizani anapewa na mama sehemu ya saa ambayo bado hajawa nayo. Ndiyo maana nawashauri akina mama wasiwashe taa wala simu wakati wa kunyonyesha usiku. Giza nalo linamfundisha.

Kisha kuna njaa, na hapa watu wengi wananielewa haraka. Mtoto huongeza uzito wa kuzaliwa mara mbili akifika karibu miezi mitano, na mara tatu akifika mwaka. Hakuna wakati mwingine maishani mtu anapokua kwa kasi hiyo. Tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama hushuka haraka kuliko maziwa ya kopo, na ubongo unaokua hausubiri asubuhi. Upande wa mama pia usiku una kazi yake: prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi saa za usiku. Mtoto anayenyonya usiku anaagiza maziwa ya kesho. Akina mama wanaoniambia maziwa yamepungua, mara nyingi wakieleza siku zao nagundua kwamba mtoto aliwekwa mbali usiku, au alipewa chupa na mtu mwingine ili mama alale.

Lakini njaa peke yake haielezi kila kuamka. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwanafunzi Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba kuna usingizi ambamo macho hukimbia chini ya kope. Aserinsky alianza kwa kutazama macho ya vichanga waliolala, kazi ambayo mama yeyote wa Musumba angeweza kumsaidia. Sasa tunajua kwamba kichanga hutumia karibu nusu ya usingizi wake katika hali hiyo: kope zinacheza, midomo inanyonya hewa, vidole vinafunguka na kufunga, pumzi inakwenda haraka, inasita, inarudi. Mzunguko wake mmoja wa usingizi ni mfupi, kama dakika 50 hadi 60, wakati wa mtu mzima unafika dakika 90. Mwisho wa kila mzunguko anapanda karibu na kuamka. Mtu mzima naye hupanda hivyo, ila hugeuza mto na kuzama tena. Mtoto bado hana ujuzi huo.

Kwa hiyo siku ya mizani huwa ninawaomba akina mama wamtazame mtoto wa mmoja wao aliyelala. Wanainama juu yake pamoja. Anakunja uso, anaguna, anatupa mkono. Mama yake huwa amekwisha kunyoosha mikono amchukue. Namwomba asubiri kidogo. Mara nyingi uso unalegea, mkono unashuka, pumzi inatulia. Alikuwa amelala muda wote. Thomas Anders, daktari wa Marekani, aliwapiga watoto picha za video usiku mzima miaka ya 1970, na ikaonekana kwamba hata wale ambao wazazi wao walisema wanalala moja kwa moja waliamka, wakatazama gizani, wakarudi kulala bila kumwita mtu. Kungoja kidogo kabla ya kumbeba ni jambo jema. Kungoja mpaka kilio kipasuke sikufundishi, kwa sababu mtoto aliyekwisha kulia kwa nguvu ni vigumu kunyonya vizuri na vigumu zaidi kurudi usingizini.

Kuna sababu nyingine ya kuamka, na mimi naiona kuwa kubwa kuliko zote: kuamka kunamlinda. Mtoto akifunikwa pua na nguo, au pumzi ikisita kupita kiasi, ubongo wake humwamsha ageuze kichwa, alie, avute hewa. Watoto wanaolazwa kifudifudi hulala usingizi mzito zaidi na huamka kwa shida, na ndio waliokuwa wakifa zaidi vile vifo vya ghafla vya kitandani. Uingereza ilipoanza mwaka 1991 kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, vifo hivyo vilishuka sana. Wale wanaoniambia kwamba mtoto hulala fofofo akiwekwa kifudifudi wanasema kweli. Ila usingizi huo mzito ndio wenye hatari.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuja akiwa na furaha, amesuka nywele, akawaambia wenzake kwenye benchi kwamba mtoto wake wa miezi minne amelala usiku mbili mfululizo bila kumsumbua. Wote wakampongeza. Nilipomfungua mtoto nimweke kwenye mizani, kichwa kilimwangukia pembeni. Nilimpiga kidole kwenye nyayo, akafungua macho nusu na kuyafumba. Mama alijaribu kumnyonyesha pale pale. Ziwa lilimtoka mdomoni bila yeye kulitafuta. Kipimo kilionyesha malaria. Alitibiwa, akapona, na usiku wa tatu hospitalini alilia mpaka akawaamsha watoto wa wodi nzima, na mama yake akawa analia naye kwa shukrani. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria. Katika nchi hii mtoto asiyeamka kunyonya, asiyeshika ziwa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege au anayelegea mikononi haendi kuombewa kwanza. Anakimbizwa hospitali usiku huo huo, hata kama hana joto mwilini.

Wapo wanaoniambia: lakini watoto wa Wazungu wanalala usiku kucha, tunawaona kwenye simu. Wanahitaji kusikia habari ya Kokwet, kijiji cha Wakipsigis huko Kenya. Charles Super na Sara Harkness, watafiti wa Marekani, walikaa huko miaka ya 1970 wakiwafuatilia watoto, kisha wakawalinganisha na watoto wa Marekani. Wale wa Marekani, walipofika miezi minne, walikuwa wakilala kama saa 8 mfululizo. Wale wa Kokwet waliendelea kuamka na kunyonya hata walipofika miezi minane. Mama zao hawakuona tatizo: mtoto yuko ubavuni, ziwa liko karibu, na mchana mama anaweza kusinzia au kumkabidhi mtoto kwa dada yake. Mama wa Marekani alikuwa na nyumba ya watu wawili, mume anayekwenda kazini kwa saa, na chumba cha mtoto peke yake. Alihitaji usingizi wa kipande kimoja, akamfundisha mtoto hivyo mapema. Kila mtoto alilala kulingana na maisha ya watu wake. Na hata huko Ulaya na Amerika picha si ile ya kwenye simu. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada walichapisha kwamba watoto 38 kati ya 100, wakiwa na miezi sita, walikuwa bado hawajalala saa 6 mfululizo usiku, na kwa mwaka mmoja walikuwa bado 28 kati ya 100. Hawakuona kwamba watoto hao wamechelewa kukua akili wala mwili.

Sisi wa mkoa wa shaba tumepitia jambo la namna yetu, na ni vizuri vijana walijue. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba hapa, tangu miaka ya 1920 iliacha kutegemea vibarua wa kupita ikataka wafanyakazi wakae kambini na wake zao. Ikajenga vyumba, ikagawa posho, ikafungua nyumba za uzazi na mahali pa kupima watoto, mizani kama hii yangu. Watoto wengi waliokolewa, na sitalidharau hilo. Lakini kampuni ilihesabu pia: mtoto wa kambini ni mfanyakazi wa kesho. Wanawake wetu walinyonyesha miaka miwili, mitatu, na katika muda huo hawakubeba mimba nyingine. Léopold Mottoulle, daktari aliyekuja kuongoza mambo ya wafanyakazi Waafrika wa kampuni, alikuwa miongoni mwa waliotaka watoto waachishwe ziwa mapema na uzazi uongezeke. Mtoto wa mgodini akaanza kuishi kwa saa za mgodi.

Nkambo hakuwahi kusikia jina la Mottoulle, lakini alijua kinachopotea. Alituambia wasichana kwamba mtoto anayenyonya usiku ndiye anayemzuia mdogo wake asije haraka. Nilidhani ni maneno ya wazee. Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakakubaliana kwamba mama anayenyonyesha mtoto wake kikamilifu, ambaye hajaona damu ya mwezi, amelindwa na mimba kwa zaidi ya asilimia 98 katika miezi sita ya kwanza. Sharti lake kubwa ni kunyonyesha mara kwa mara, usiku na mchana, bila mapengo marefu. Nkambo alikuwa sahihi. Anayempa mtoto wa miezi mitatu uji ili alale, mara nyingi anafungua mlango wa mimba nyingine bila kupanga.

Na huo uji wenyewe hausaidii kama watu wanavyodhani. Mwaka 1989 madaktari wa Cleveland, Marekani, waliwapa watoto nafaka kabla ya kulala na kukuta kwamba hawakulala zaidi ya wengine. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2018 ulikuta nyongeza kwa walioanza chakula mapema, lakini ilikuwa kama robo saa tu kwa usiku. Uingereza maji ni safi. Hapa kwetu, uji wa mtoto wa miezi mitatu uliochanganywa na maji ya kisima, ukakaa kwenye chupa, ni kuhara kunakongojea. Robo saa haistahili bei hiyo.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa Kolwezi. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya kambi ya zamani, ukuta mmoja na jirani. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku mgodini. Alitoka jioni akarudi asubuhi amejaa vumbi, na alipaswa kulala mchana. Kwa hiyo usiku nilikesha peke yangu, na mchana nilimtuliza mtoto kimya kimya ili baba yake asiamke. Umeme ulikatika, jenereta za barabarani zikaanza kunguruma, malori ya shaba yakapita kuelekea Likasi na Kasumbalesa. Kutoka Musumba hadi Kolwezi ni safari ndefu kupitia Sandoa na Kasaji, na mvua zikinyesha lori linaweza kulala njiani siku kadhaa. Nkambo alikuwa amekwisha kuzeeka, hakuweza kuja. Mtoto alikuwa mzima kabisa. Aliamka kama yule wa mama mdogo, kwa namna ile ile: kichwa huku na huku, ngumi mdomoni, mguno. Mimi ndiye niliyekuwa nikianguka. Siku moja niliweka chumvi kwenye chai, nikainywa yote bila kutambua.

Mwanamke mmoja wa mtaani, kwa nia njema, aliniletea siro ndogo ya kikohozi. Alisema yeye aliwalea wote kwa kijiko cha jioni. Niliisoma lebo: promethazini. Ni dawa ya mzio inayoleta usingizi, na haipaswi kupewa mtoto chini ya miaka miwili kwa kuwa inaweza kumpunguzia pumzi mpaka ikome. Inazima kule kuamka kunakomlinda. Nilimrudishia kwa heshima na nikamweleza, na tangu hapo kila siku ya mizani nawaomba akina mama waniletee chupa za nyumbani tuzisome pamoja. Bado ninaiona dawa hiyo mara nyingi mno.

Aliyeniokoa ni mama mkwe, aliyefika kutoka Kasaji na gunia la muhogo na kuku wawili. Hakunipa dawa wala mafunzo. Alfajiri aliingia, akamtoa mtoto kitandani, akatoka naye uani. Nililala mpaka jua likafika dirishani. Mtoto hakubadilisha lolote usiku, aliamka vile vile, lakini ndani ya wiki chache nilikuwa mtu tena.

Kuna mambo ya Kolwezi yenyewe yanayomwamsha mtoto, na hayo tunaweza kuyapunguza. Tuko juu, zaidi ya mita 1,400, na usiku wa Juni na Julai baridi inauma. Mtoto mwenye mikono na shingo baridi ataamka. Mvalishe nguo nyepesi mbili badala ya blanketi zito linaloweza kumpanda usoni. Usiingize mbabula, jiko letu la makala, chumbani. Watu hufunga madirisha, wanaacha makala yakiwaka taratibu, na hewa yake haina harufu wala rangi. Inaua familia nzima imelala. Vumbi la kiangazi huziba pua, na mtoto asiyeweza kupumua kwa pua hawezi kunyonya: matone machache ya maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa yanatosha. Chandarua kila usiku, hata usiku wa baridi. Na ukilala naye, ulale kwenye kitu kigumu kama mkeka wa kwetu, mto mbali na uso wake, na asilale na mtu aliyekunywa pombe au anayevuta sigara. Mtoto aliyezaliwa njiti alale pembeni, karibu lakini kwenye sehemu yake.

Karibu mwezi wa nane au wa tisa watu hurudi kwangu wakishangaa: alikuwa ameanza kulala vizuri, sasa ameharibika. Ameanza kuelewa kwamba mama anaweza kuondoka na bado yupo mahali fulani, na gizani anataka kujua yuko wapi. Wakati huo huo anajifunza kutambaa, na mwili unafanya mazoezi hata usingizini. Msogezee mkono, umwongeleshe. Hupita.

Na mama anayekesha hivi hupewa muda gani wa kupumzika? Sheria yetu ya Kazi ya Oktoba 2002 inampa wiki 14 za likizo, na kati ya hizo zisizozidi 8 ni za baada ya kujifungua. Akirudi kazini ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku ya kunyonyesha. Hebu tupige hesabu: wiki ya 8 ndiyo ile mtoto anaanza tu kutenganisha usiku na mchana. Na hiyo ni kwa mwenye mkataba. Wanawake wanaouza sokoni, na wale wanaoosha mawe ya kobalti huku watoto wakiwa mgongoni, hawana hata wiki moja.

Kwa hiyo sasa mama akiniinamia mezani na swali lake, nami namuuliza: nani anamchukua mtoto alfajiri? Wengi hunyamaza. Basi tunatafuta pamoja: dada wa mume, jirani mwenye watoto wakubwa, mama wa kanisani aliyestaafu. Nimeanza pia kuwaita akina baba siku ya mizani. Anayerudi kutoka zamu ya usiku bado hajalala. Anaweza kuoga, kumpokea mtoto kwa saa moja au mbili, kisha ndipo alale. Waliojaribu wanaendelea. Na ninachoomba kwa wanaokaa na kampuni za migodi kuandika mikataba ya wafanyakazi ni kifungu kimoja: mwanamume ambaye mke wake amejifungua asipangwe zamu ya usiku kwa miezi mitatu ya kwanza. Nimewauliza wachimbaji wenyewe wanaokuja na watoto wao. Wanasema wangekubali kubadilishana zamu hata kesho, mradi iandikwe.